Lebo za Kabati la Nne

Wasifu wa mke wangu uliosomwa siku ya maziko ulikuwa na kosa. Shemeji yangu aliyeusoma hakuwa na njia ya kulijua. Alisoma kwamba dada yake alizaa binti mmoja, kwamba alifanya kazi kwenye ghala la sampuli la chuo miaka ishirini na sita, na kwamba alistaafu akiwa muosha chupa, kazi aliyoifanya kwa uaminifu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, kofia mkononi. Nilinyamaza. Kunyamaza nimekuzoea.

Baadaye watu walipita kunipa mkono. Daktari naye alipita. Ndiye aliyekuwa mkuu wa ghala enzi zetu, sasa anatembea na fimbo. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole, mzee mwenzangu. Mkeo alikuwa na jicho. Sijapata tena mtu mwenye jicho lile."

"Ahsante, Daktari."

"Sijui tu siku ile ilikuwaje."

Mimi nilijua ilikuwaje. Nikasema ahsante mara ya pili, akaenda zake.

Ndiyo maana naandika. Shule sikusoma. Haya maandishi alinifundisha yeye, nikiwa na mvi tayari, na kufundishwa kwenyewe kuna habari yake. Nitaifikia.

Mke wangu alimaliza darasa la saba. Chuoni aliajiriwa kufuta vumbi. Ghala lile ni chumba kirefu, madirisha juu, makabati ya chuma yenye namba, na ndani ya makabati ni chupa. Ndani ya chupa ni wanyama wa baharini waliokufa, wamezamishwa kwenye spiriti wasioze. Kabati la kwanza mpaka la tatu ni kaa na konokono. La nne mpaka la sita ni viti vya pweza, wale wenye mikono mitano kama nyota. Ukiingia, harufu inakupanda puani, na jioni unarudi nayo nyumbani kwenye nguo. Binti yetu akiwa mdogo alikuwa anasema mama ananuka hospitali.

Alikuwa akifuta vumbi huku anatazama. Siku moja Daktari alimkuta amesimama na chupa mbili, moja kila mkono.

"Unafanya nini?"

"Samahani, Daktari. Hizi zimeandikwa jina moja, ila hawa si wamoja."

"Umejuaje?"

"Huyu chini ana mistari miwili ya vijiguu. Huyu ana minne."

Daktari alizichukua chupa, akavaa miwani, akatazama sana. Kisha akavuta kiti kingine, akakiweka kwenye meza yake. Toka siku hiyo tambara la vumbi alipewa mtu mwingine.

Miaka kumi na tano alikaa meza ile. Chupa zikiletwa kutoka baharini, yeye ndiye anazifungua, anamtoa mnyama kwa kibano, anamlaza kwenye trei, anamhesabu. Daktari anatoa jina la mwisho, lakini mara nyingi alikuwa anauliza tu, "Unasemaje?" na anayoambiwa ndiyo anayoandika. Wenzake walimpachika jina la Seremala, kwa kuwa kutwa yuko na viti. Alilipenda. Akichelewa kurudi nilikuwa namuuliza leo kapiga randa vingapi.

Nyumbani alinisimulia, hata nisipouliza.

"Rangi usiiamini," alikuwa anasema. "Spiriti inakula rangi. Huko majini mmoja mwekundu, mwingine buluu. Kwangu wakifika wote rangi ya mfupa."

"Sasa unawajuaje?"

"Mgeuze chali. Tazama vijiguu, vimeishia kama kikombe au vimechongoka. Wa kikombe anashika mwamba. Wa kuchongoka anaishi mchangani, atashika nini? Kisha pita ukingoni, uone vibamba vyake. Kisha mgeuze tena, mgongoni ana kifungo kidogo kama cha shati. Kipo karibu na katikati au kimesogea?"

"Mimi naona wote ni viti."

"Ndiyo. Na wewe na jirani wote ni watu."

Jirani yetu alikuwa mtu wa makelele. Tulicheka.

Mimi wakati ule nilikuwa mbeba mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mgongo uliponishinda, yeye akaniombea kazi ya ufagizi palepale ghalani. Daktari alimuuliza kama najua kusoma, maana mfagizi wa ghala lazima asome onyo na asome lebo. Akajibu, "Anajua." Njiani nikamwambia amenipakazia.

"Ufagio una herufi?" akauliza.

"Hauna."

"Basi."

Nilifagia miaka minne bila mtu kugundua. Wakinipa karatasi nilikuwa nasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani sikuwa nayo.

Sasa lebo. Kila chupa ina karatasi ndogo, imezamishwa humohumo ndani na mnyama, imeegemea kioo ili isomeke kutoka nje. Imeandikwa kwa penseli, maana penseli spiriti haiwezi kuifuta. Imeandikwa jina la mnyama, siku aliyotolewa, mahali, kina cha maji, na kama palikuwa mwamba, mchanga au tope. Mke wangu alikuwa anasema jina linaweza kupatikana kwenye mwili, hata likipotea utalitafuta upya. Mahali alipotoka hapapatikani kwenye mwili. Hapo pako kwenye karatasi peke yake.

Hayo nilikuwa nimeambiwa. Ila sikuambiwa kwamba karatasi ile inatakiwa kulowa. Au niliambiwa, sikusikia.

Wiki moja, mwaka wangu wa nne pale, wapaka rangi walikuwa ghalani, wanapaka kuta. Mke wangu alikuwa amefungua kabati la nne, amezishusha chupa za rafu ya pili zote juu ya meza ndefu, arobaini na moja, kwa mpango wake, ili kabati lipungue uzito, lisogezwe ukuta upakwe. Vifuniko alikuwa amevilegeza apate kubadilisha mipira ya kuzuia spiriti isivuje. Mchana Daktari akamwita chumba cha mikutano. Wapaka rangi wakatoka kula. Nikabaki na ufagio.

Nikaziona zile karatasi. Zimelowa chepechepe, nyingine zimeanza kuwa na manjano. Mimi nilitoka duka la vifaa. Najua karatasi ikilowa inafanyaje, mfuko wa saruji ukilowa unatupwa. Nikajisemea, huyu mke wangu ana mambo mengi, leo nitamsaidia. Nikachukua kibano, nikazitoa moja moja, nikazipanga kwenye trei kwa mstari, zifuate chupa zilivyokaa. Nilikuwa makini. Nilijisifu moyoni. Za mwisho kule pembeni trei ilikuwa na maji, nikazifunika na tambara limeze maji. Kisha nikawasha feni la dari zikauke upesi.

Spiriti inakauka haraka kuliko maji. Hilo nalo nimelijua baadaye. Feni lilipokolea, zikaruka. Nyingine zilikwenda chini ya makabati, nyingine kwenye ndoo ya rangi, ukingoni, nikaiwahi moja kabla haijazama. Nilitambaa chumba kizima kwa magoti. Nilizipata zote. Nilizihesabu mara mbili, arobaini na moja.

Ila ipi ni ya wapi. Mtu mwingine angesoma. Mimi nilizitazama kama mtu anayetazama mchanga.

Zile za chini ya tambara hazikuruka. Nne. Nikazirudisha kwenye chupa zake nne za mwisho. Nyingine thelathini na saba nilizirudisha hivi hivi. Moja yenye doa nikaiweka kwenye chupa niliyodhani niliona doa. Nyingine nilitumbukiza tu. Viatu vya wapaka rangi vikasikika kwenye ngazi, nikazima feni, nikashika ufagio.

Mke wangu aliporudi alibadilisha mipira, akafunga vifuniko, akazirudisha chupa rafuni. Alikuwa na haraka, ukuta ulikuwa umeshapakwa na kabati limerudishwa mahali pake. Nilifagia palepale karibu yake. Ningeweza kusema wakati ule. Chupa zilikuwa bado mezani na kumbukumbu ilikuwa bado mbichi.

Miezi mitatu ilipita. Akaja mgeni, mtaalamu wa viti vya pweza, akaomba chupa sita za kabati la nne. Kufungua ya kwanza, lebo inasema ametolewa kwenye tope, kina cha pima sitini. Mgeni akamgeuza mnyama chali, akacheka.

"Huyu tope hajawahi kuliona," akasema. "Ana vikombe, na ana kipande cha tumbawe kimemganda mkononi."

Wakafungua ya pili. Wakafungua ya tatu. Mgeni akaacha kucheka.

Daktari alituita sote. Tulisimama mbele ya kabati, mke wangu, mtunza stoo, vijana wawili wa chuo, na mimi na ufagio.

"Nani aligusa lebo hizi?"

Vijana wa chuo wakatazamana.

"Mwili uliokosa lebo tunaweza kuutunza," Daktari akasema. "Mwili wenye lebo ya mwenzake ni uongo. Nina uongo arobaini na moja humu. Nauliza, nani?"

Mtunza stoo akasema labda wapaka rangi. Daktari akasema wapaka rangi hawana ufunguo.

"Ufunguo ni wangu," mke wangu akasema.

"Ulizibadilisha wewe?"

"Sikuzibadilisha, Daktari. Lakini ufunguo ni wangu."

Sikumtazama yeye. Nilitazama ncha za ufagio. Zilikuwa zimeisha upande mmoja, nikawaza kwamba ufagio huu unataka kubadilishwa. Ndivyo nilivyowaza, mke wangu anasimangwa mbele ya watu.

Daktari akafungua rejista ya kabati la nne, akaandika mstari kwa wino mwekundu. Kesho yake mke wangu akahamishiwa chumba cha sinki, kuosha chupa. Kiti chake kikabaki mezani siku chache, kisha kikaondolewa.

Siku ya kwanza ya sinki tulirudi nyumbani kwa miguu. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji. Akaniuliza mara moja tu.

"Wewe hukugusa chupa zangu?"

"Mimi? Niguse za nini?"

"Haya," akasema.

Tukaendelea kutembea. Akaniambia kesho tununue sabuni.

Nilijitetea sana moyoni. Nilisema nikikiri itajulikana sijui kusoma, itajulikana yeye alidanganya, tutafukuzwa wote, na binti yuko shule. Yote yalikuwa kweli. Lakini binti alimaliza shule, akaanza kazi, akaolewa, nami bado sikusema. Kwa hiyo haikuwa kwa ajili ya binti. Niliona haya, basi. Nilianza kuona haya ya karatasi, nikaishia kuona haya ya kunyamaza, na ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, na kila mwaka inaongezeka uzito.

Kama mwaka ulipita tangu ahamie sinki. Jumapili moja aliweka daftari na penseli mezani.

"Kaa hapa," akaniambia.

"Nimefanya nini?"

"Unajifunza kusoma."

"Mama, mimi nimezeeka."

"Mbona kula hujazeeka?"

Nikakaa. Nilidhani ataanza na a, e, i. Hakuanza huko. Alichukua kikaratasi, akaandika neno, akakiweka mbele yangu.

"Kimekaa sawa?"

"Nitajuaje?"

Akakigeuza. "Na sasa?"

"Hivyohivyo."

"Tazama tena. Herufi zina miguu. Zikisimama, miguu iko chini."

Siku hiyo nzima tulikuwa tunageuza vikaratasi. Juu ni wapi, chini ni wapi. Nikamwambia shule gani hii ya kupindua karatasi, watoto huwa hawafundishwi hivi. Akasema kila mwanafunzi ana mahali pake pa kuanzia. Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Miaka miwili alinifundisha. Nikasoma mabango, nikasoma gazeti, nikasoma barua ya mkwe wetu. Siku niliyosoma onyo lililobandikwa mlangoni mwa ghala nilisimama pale mpaka mtunza stoo akaniuliza kama naumwa. Liliandikwa, USIGUSE LEBO.

Tulistaafu mwaka mmoja. Tukakaa nyumbani miaka kumi na kitu. Alikuwa mtu wa kuhesabu kila kitu, hata mbegu za ndani ya tunda. Presha ikamchukua mwezi wa tatu, asubuhi, amekaa kitandani anafunga kitambaa cha kichwa. Alisema anasikia kizunguzungu, nikaenda kumletea maji. Niliporudi, maji hayakuwa na kazi tena.

Siku kumi baada ya maziko binti alinisaidia kupanga nguo zake. Chini ya nguo kulikuwa na daftari gumu, lile la kurasa mia mbili. Binti akataka kuanza kulisoma. Nikamwambia aniachie. Sijui kwa nini nilimwambia vile, labda mkono ulijua.

Nilisoma kwa kidole. Ukurasa wa kwanza, juu, aliandika: Kabati la nne, rafu ya pili. Chini yake namba, moja mpaka arobaini na moja.

Sikujua kamwe. Mipira ya vifuniko hubadilishwa kila mwaka, na kazi hiyo ilikuwa imehamia chumba cha sinki pamoja naye. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka chupa zile zilipita mkononi mwake. Dakika chache kila chupa, na watu wako karibu. Katika dakika hizo alikuwa anamhesabu mnyama, anatazama uchafu uliotuama chini ya chupa kama ni mchanga mweupe au tope jeusi, anasoma lebo, na akirudi nyumbani anaandika. Namba saba: mistari minne, vikombe, chini kuna vipande vya tumbawe. Lebo iliyomo si yake. Lebo yake iko kwenye namba ishirini na tisa. Namba kumi na mbili: mikono saba, vijiguu vimechongoka, mchanga. Lebo yake iko namba tatu. Namba kumi na tisa: mkono mmoja mrefu na minne mifupi, anaota upya. Huyu namkumbuka, niliandika lebo yake mwenyewe.

Ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka. Pembeni ya kila aliyemaliza aliweka alama. Nilihesabu alama. Thelathini na tano.

Katikati ya kurasa za mwaka ule wa kwanza kulikuwa na maandishi machache yasiyo ya namba. Nayaandika kama yalivyo.

Lebo kumi na moja ziko kichwa chini. Aliyezirudisha hajui kusoma. Si wapaka rangi, hao wanasoma makopo yao.

Akaruka mstari.

Ni mume wangu. Nisimuulize tena.

Chini aliandika tarehe. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili yake ndiyo aliniambia nikae nijifunze kusoma.

Nilifunga daftari. Nilikuwa nimeoa mwanamke miaka arobaini na mbili na sikuwa nimemtazama hata siku moja jinsi alivyotazama viti vya pweza. Na penseli aliyonishikisha mkononi ndiyo iliyoniwezesha kuyasoma hayo. Angeweza kuniacha nisijue kusoma, nikafa bila kujua kwamba alijua.

Ukurasa wa mwisho uliandikwa mwaka wa kustaafu.

Zimebaki sita, namba thelathini na sita mpaka arobaini na moja. Wote aina moja, wote mchanga mmoja, wametofautiana mahali tu. Mwilini sioni kitu. Nne za mwisho lebo zake zimesimama sawa, pengine hazikuguswa, pengine ni bahati. Anayejua ni yeye.

Hakuandika zaidi. Miaka yote hiyo alilala ubavuni mwa mtu anayejua, akasubiri.

Nilichukua siku nne kabla ya kwenda. Sitasema nilikuwa naumwa. Nilikuwa naogopa.

Ghalani sasa kuna mkuu mpya, mama mmoja wa umri wa binti yangu, wanamwita Mhifadhi. Alikuwa amesikia habari za msiba. Akanipa kiti, akaniuliza kama nataka chai.

"Sitaki chai, mama. Nimekuja kusema jambo. Ukinipa chai nitakunywa niondoke."

Akakaa. Nikasema. Feni, trei, tambara, thelathini na saba, nne. Nilisema nikiwa natazama sakafu niliyoifagia miaka kumi na mitano. Aliposikia nimemaliza akaninyooshea mkono, nikampa daftari.

Alisoma muda mrefu. Mara moja aliinuka, akaenda kabati la nne, akarudi na chupa mbili, akazigeuza mwangani, akasoma tena.

"Haya yote aliyafanya kwenye sinki?" akauliza.

"Kwenye sinki."

"Bila hadubini?"

"Alikuwa na kioo cha kukuzia. Cha kwake. Alikinunua."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mzee, hii rafu hatujaigusa miaka yote. Imeandikwa haina thamani. Mkeo ameirudisha, na kila mwaka amezipitisha chupa hizi mkononi sisi hatumwoni." Kisha akasema, "Na wewe ulijua."

"Nilijua yangu. Ya kwake sikuyajua."

"Ungesema siku ile ingekuwa kazi ya asubuhi moja."

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tukazishusha zile sita. Nikamwonyesha nne za pembeni, thelathini na nane mpaka arobaini na moja. Nikamwambia hizi tambara lilizishika, hazikuruka, naweza kuapa. Nikazisoma mwenyewe kupitia kioo, herufi kwa herufi, mahali, siku, kina. Mhifadhi akaandika neno sawa kwenye daftari la mke wangu, pembeni ya kila namba, akaweka alama kama zake.

Zikabaki mbili.

"Na hizi?" akauliza.

Lebo mbili, chupa mbili. Ama ziko sawa ama zimepishana. Yule mama alikuwa amenishikia kalamu, anasubiri. Ningesema ziko sawa, angeandika. Arobaini na moja zingetimia, kazi ya mke wangu ingekuwa nzima, na nusu ya bahati ingekuwa upande wangu. Nilizitazama sana. Nilijaribu kukumbuka doa, pembe iliyokatika, chochote. Nilikumbuka magoti yangu yanavyouma na viatu vya watu kwenye ngazi.

"Hizi sijui," nikasema.

Neno hilo lilinichukua miaka ishirini na kitu.

Mhifadhi akaandika kwamba mahali pao hapajulikani, akazitoa chupa mbili kwenye rafu, akazishusha rafu ya chini kabisa, pamoja na wengine wasiojulikana kwao. Ni mimi niliyewapotezea kwao. Wataendelea kukaa pale mimi nikishaondoka.

Kisha akaleta rejista. Nilikuwa nimelifuta vumbi jalada lake mara nyingi. Akafungua ukurasa. Wino mwekundu haujafifia. Nilisoma: Lebo zimechanganywa kwa uzembe wa mhudumu mwenye ufunguo. Asirudishwe mezani.

"Futa," nikasema.

"Rejista haifutwi, mzee. Kilichoandikwa kinabaki. Tunaandika kingine chini yake, na anayeandika anaweka sahihi."

"Basi andika."

Akanisogezea kalamu. "Andika wewe."

Nilianza mchana, nikamaliza yeye ameshapanga chupa zote rafuni, kila moja na lebo yake. Niliandika hivi: Lebo hizi nilizitoa mimi, mfagizi, nikazirudisha bila kujua kusoma. Mwenye ufunguo hakugusa. Aliyezitambua upya ni yeye, kwa miaka kumi, na daftari lake liko hapa. Chupa mbili nimezipoteza mimi. Nikaweka sahihi. Mstari ulipanda kidogo upande wa kulia, lakini herufi zote zimesimama.

Mhifadhi akasema atatoa nakala ampelekee Daktari. Nikamwambia asiipeleke, nitakwenda mwenyewe, na kwa shemeji nitakwenda mwenyewe. Nikaomba daftari likae ghalani, kabati la nne, rafu ya pili. Kioo cha kukuzia nimebaki nacho.

Nimeandika haya kwanza kwa sababu najijua. Nikifika kwa Daktari mikono mitupu atanipa kiti, atasema pole mzee mwenzangu, nami nitasema ahsante. Kwa hiyo nitampa karatasi hizi mlangoni, kabla ya kiti, nisimame asome. Shemeji naye nimemwomba aniwekee wasifu ule aliousoma. Pale palipoandikwa muosha chupa nitapiga mstari mmoja, maneno yasifutike, na juu yake nitaandika kazi yake.